Usaili wa kazi: kusema kweli juu ya nafsi yako si kujisifu



Siku hizi haipiti wiki bila mzazi mmoja au wawili kunishika mkono baada ya swala na kuninong'oneza: "Kijana wangu ameitwa kwenye usaili, tumuombee dua." Nami huitikia, na huomba kweli. Lakini nikimuuliza kijana mwenyewe amejiandaa vipi, mara nyingi huniambia kwamba amenunua shati jeupe. Dua ni jambo kubwa, na shati jeupe halina ubaya. Baina ya hivyo viwili ipo kazi ambayo familia zetu nyingi haziifanyi, na hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze leo.

Nianze na lililotokea kwetu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu aliyeko Tanga, alihitimu masomo ya ununuzi na ugavi, kisha akaomba nafasi ya Afisa Ugavi kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Akafanya mtihani wa mchujo wa kuandika, akafaulu vizuri. Akaitwa Dodoma kwa mahojiano ya ana kwa ana. Kama mjuavyo, msailiwa hujigharamia mwenyewe nauli, chakula na malazi. Dada yangu akavunja kibubu alichokijaza kwa biashara yake ya vitumbua, binti akapanda basi. Hakupata kazi ile. Aliporudi nilimuuliza kama maswali yalikuwa magumu. Akainamisha kichwa.

"Hapana, mjomba. Walinitaka nijieleze, kisha wakaniuliza kwa nini waniajiri mimi na si mwingine. Nikaona haya kujisifu. Nikawaambia sina uzoefu wowote, ila wakinichukua nitajifunza."

Nilinyamaza kidogo, kwa kuwa mimi nilijua habari nyingine. Binti huyu huyu, alipokuwa chuoni, alikuwa mweka hazina wa kamati ya futari ya wanafunzi wa Kiislamu kwa Ramadhani mbili. Yeye ndiye aliyekusanya michango. Yeye ndiye aliyekwenda sokoni kupatana bei ya tende, viazi na unga wa uji. Yeye ndiye aliyeandika daftari na kutunza risiti, na kila magharibi watu zaidi ya 200 walifuturu kwa hesabu zake. Hiyo ni kazi ya ununuzi na ugavi, tangu mwanzo hadi mwisho wake. Naye alipoulizwa na watu waliokuwa wakitafuta afisa ugavi, akawajibu kwamba hana uzoefu wowote! Alidhani anafanya unyenyekevu, kumbe alikuwa akisema jambo lisilokuwa kweli.

Wako wengi mfano wake. Tumewalea watoto wetu, na tumefanya vyema, waogope kibri na riyaa. Qur'ani Tukufu inatukataza kujitakasa nafsi zetu, na ipo hadithi mashuhuri ambayo ndani yake Mtume Muhammad (Rehema na Amani zimshukie) alimuusia swahaba wake Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi. Kijana aliyesoma madrasa anayajua haya. Akifika mbele ya jopo na kuambiwa ajieleze, moyo wake humwambia kwamba huu ndio mtihani wa nafsi yenyewe, na kwamba mcha Mungu hupunguza maneno. Basi hupunguza mpaka hakisalii kitu.

Lakini mafunzo hayo hayakukomea hapo. Tukisoma Surat Yusuf, aya ya 55, tunamkuta Nabii Yusuf (amani iwe juu yake) ametoka gerezani, amesimama mbele ya mfalme wa Misri, na yeye mwenyewe anaomba asimamie hazina za nchi. Hakusema "nichukueni, nitajifunza". Alitaja sifa mbili alizokuwa nazo: kwamba ni mtunzaji na kwamba ni mjuzi. Wafasiri wakubwa, miongoni mwao Al-Qurtubi na Ibn Kathir, wamelieleza jambo hili: mtu anaruhusiwa kutaja sifa zake za kweli pale ambapo hajulikani na ipo haja ya kujulikana. Nchi ilikuwa inakabiliwa na miaka ya njaa, mfalme hakumjua Yusuf kwa hesabu na utunzaji, na kunyamaza kungewagharimu watu chakula chao.

Hebu tulipime jopo la usaili kwa kipimo hicho. Wale watu watatu au wanne walioketi nyuma ya meza hawakujui. Hawakuwepo chuoni, hawakukuona sokoni ukibishania bei ya gunia la viazi. Wamekabidhiwa amana ya kuchagua mtu atakayeshika mali ya umma, na njia ya kukufahamu waliyopewa ni dakika chache za maneno yako. Ukiwaficha unachokiweza, umewanyima ushahidi walioutaka kwako. Ukikiongeza, umewapa ushahidi wa uongo. Mwenye kusimama baina ya hayo mawili hana haja ya kuona haya.

Nilimweleza mpwa wangu hivyo, naye akauliza swali zuri: "Sasa nitajuaje kama nasema kweli au najisifu?" Nilimjibu kwamba mwenye kujisifu hutaja sifa, na mwenye kusema kweli hutaja tukio. "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninajituma" ni maneno ambayo kila msailiwa huyasema, na wasaili wameyasikia mara mia tangu asubuhi. Hayashikiki. Lakini ukisema kwamba mwaka fulani mlikuwa na watu 200 wa kufuturu, michango ikawa pungufu katika kumi la kwanza, ukawaendea wauzaji wawili wa tende na kulinganisha bei, ukanunua kwa jumla pamoja na kamati ya chuo jirani, na futari haikukatika hata siku moja, hapo hukujisifu hata kwa neno moja. Umeeleza hali ilivyokuwa, jukumu lililokuwa juu yako, hatua uliyoichukua na kilichotokea. Msikilizaji mwenyewe ndiye atakayesema moyoni: huyu anafaa.

Basi tukachukua daftari. Ukurasa wa kushoto tukanakili majukumu yote yaliyotajwa katika tangazo la kazi, moja baada ya jingine. Ukurasa wa kulia, mbele ya kila jukumu, aandike tukio moja la kweli katika maisha yake linalokaribiana nalo. Siku ya kwanza alijaza mistari miwili. Siku ya tatu ukurasa ulikuwa umejaa, na kulikuwa na mambo ambayo hata mimi sikuyajua: mafunzo kwa vitendo aliyoyafanya katika stoo ya halmashauri, namna alivyopanga kadi za bidhaa zilizokuwa zimechanganyika, na jinsi alivyomsaidia mama yake kujua kwamba unga anaonunua rejareja unamla faida yote. Niliona uso wake ukibadilika. Wengi hudhani kujiamini ni kipaji cha waliozaliwa na ulimi mwepesi, au ni jambo la kujifunza mbele ya kioo kwa kukunja uso. Niliouona mezani pale ni utulivu wa mtu aliyehesabu alichonacho akakiona kipo.

Kijana ambaye hajawahi kuajiriwa asiseme kwamba ukurasa wake wa kulia hautajaa. Aliyefundisha watoto juzuu amma miaka miwili amefanya kazi ya ualimu, tena mbele ya wanafunzi wagumu kuliko wote. Aliyesimamia fundi na saruji wakati msikiti wa mtaa unaezekwa anajua kitu kuhusu usimamizi. Tatizo letu ni kwamba tunayaita mambo haya "kusaidia" na hatuyaiti kazi.

Lipo swali moja linalowaangusha wengi, nalo ni lile la udhaifu. Wasaili hupenda kuuliza: udhaifu wako ni upi? Yuko anayejibu kwamba hana, na huyo amejiharibia. Yuko anayejibu kwa ujanja kwamba udhaifu wake ni kufanya kazi kupita kiasi, na wasaili hutazamana tu. Kwa swali hili sijapata mwalimu bora kuliko Nabii Musa (amani iwe juu yake). Alipopewa jukumu la kumwendea Firauni, alimwomba Mola wake amkunjulie kifua, amwepesishie jambo lake na alifungue fundo la ulimi wake ili watu wamfahamu. Kisha akaomba apewe nduguye Harun awe msaidizi wake, na mahali pengine katika Qur'ani akaeleza sababu, kwamba Harun ni fasaha zaidi yake wa kusema. Tazameni mpangilio wake: aliutaja udhaifu wa kweli, wenye kuhusiana na kazi yenyewe, na papo hapo akataja namna utakavyozibwa. Wala hakuikataa kazi. Mpwa wangu udhaifu wake ni kwamba huchelewa kuamua anapokuwa na machaguo mengi. Akajiandaa kulisema hilo, na kusema kwamba siku hizi hujiwekea saa ya mwisho ya kuamua na kuandika sababu za uamuzi wake. Ni kweli, na anaweza kulitetea akiulizwa zaidi.

Baada ya kujijua nafsi, ipo kuijua kazi. Hapa sitarefusha, kwa sababu kila fani ina mambo yake, ila nitoe mfano mmoja. Binti huyu alisoma chuoni kwa kutumia Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011. Sheria hiyo imekwisha kufutwa, na sasa ipo ya mwaka 2023, na zabuni za serikali zinapita katika mfumo wa kielektroniki wa NeST ulioshika nafasi ya ule wa zamani. Mtu anayeingia kwenye usaili wa ugavi na kunukuu sheria iliyofutwa, hata akiwa na shahada ya daraja la kwanza, ameonyesha kwamba tangu ahitimu hajafungua kitabu. Kila kijana na ajiulize katika fani yake ni kitu gani kimebadilika tangu alipoondoka darasani. Asome pia taasisi anayoiendea inafanya nini, iliundwa kwa ajili gani, inahudumia nani. Kwa kada nyingine upo usaili wa vitendo, kama kwa madereva, na huko daftari halitoshi. Lazima mikono iwe imezoea.

Sasa nije kwenye jambo dogo linalowaliza wengi, nalo ni vyeti. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwa wazi: msailiwa aje na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, vya kidato cha nne na cha sita, hadi vya chuo, pamoja na kitambulisho. Hati za muda za matokeo hazipokewi. Aliyesoma nje ya nchi vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika. Na ambaye majina yake yanatofautiana katika nyaraka zake anatakiwa awe na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kisheria.

Hapo kwenye majina, ndugu zangu, sisi tuna balaa letu. Mtoto ameitwa Muhammad siku ya akika. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, mwalimu wa darasa la kwanza akaandika Mohammed, kitambulisho cha taifa kikatoka Mohamedi. Fatma amekuwa Fatuma, Abdullah amekuwa Abdallah, Taha amekuwa Twaha. Babu aliyekuwa jina la tatu katika cheti cha kidato cha nne ametoweka katika cheti cha chuo, na mahali pake limekuja jina la ukoo. Nyumbani tunacheka na kusema ni jina lile lile. Mlangoni kwa wahakiki wa vyeti hakuna anayecheka. Wazazi, tafadhalini, kaeni jioni moja mtandaze nyaraka zote za mtoto mkekani na mzisome herufi kwa herufi. Mkiona hitilafu, muoneni mwanasheria au wakala wa usajili sasa hivi, wala msingoje jina litoke kwenye orodha ya walioitwa, maana baina ya kuitwa na siku ya usaili mara nyingi ni siku chache tu. Mwenye mtoto mchanga naye achague maandishi ya jina leo, ayashike hayo hayo hadi mwisho.

Wadhamini nao huorodheshwa kwenye maombi kisha husahauliwa. Waarifu kwamba umewataja, na uwakumbushe ulifanya nini mbele yao. Bibi Khadija (Mwenyezi Mungu amridhie) alimkabidhi Mtume wetu biashara yake ya kwenda Sham kwa sifa ya ukweli na uaminifu iliyokuwa imekwishaenea, na Maysara aliyefuatana naye safarini ndiye aliyerudi na habari za mwenendo wake. Kila mmoja wetu ana Maysara wake mahali fulani.

Nirudi nyumbani, kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia. Jioni tatu kabla ya safari ya pili ya mpwa wangu (aliomba tena nafasi kama ile, na akaufaulu tena mchujo) tuligeuza sebule ya dada yangu kuwa chumba cha usaili. Nilikaa mimi, akakaa baba yake, akakaa na jirani yetu, mwalimu mstaafu asiyejua kutabasamu. Binti alibisha hodi, akaingia, akasalimu, akaketi alipoambiwa aketi. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alilia, kwa sababu mwalimu yule alimkatiza. Mara ya tatu alimsubiri amalize, akajibu. Tulimtaka aeleze tukio lile lile kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kwani wengi wetu hudhani Kiingereza ndicho kinachotukwamisha, na ukichunguza unakuta hata kwa Kiswahili hatukuwa na la kusema. Ukishajua unachotaka kusema, lugha ya pili huja, hata kama itakuja kwa kuchechemea.

Na hapa niseme jambo ambalo baadhi ya kina baba hawatalipenda. Katika nyumba zetu, mtoto wa kiume akiitwa kwenye usaili, nyumba nzima hunyamaza ili asome. Akiitwa binti, anatarajiwa aamke alfajiri akaange, aoshe vyombo, amwogeshe mdogo wake, kisha asome usiku wakati macho yamekwisha kufumba. Mjukumu wa usaili ni mmoja na maswali ni yale yale. Juma moja la kumpumzisha binti na jiko halitaiangusha nyumba. Shemeji yangu alikaanga vitumbua kwa siku tano. Havikuwa vizuri, lakini viliuzika.

Kingine ni maneno. "Siku hizi bila mtu hupati kazi." Tunayasema mezani, mbele ya watoto, kama salamu. Sisemi upendeleo haupo. Wasomaji wa gazeti hili mna visa vyenu, na malalamiko ya jamii yetu katika jambo hili hayakuanza jana. Ila mtoto aliyeyasikia kila siku huingia kwenye chumba cha usaili akiwa amekwisha kushindwa, na akikosa hatajua kama alinyimwa au hakujiandaa. Aliyejiandaa sawasawa ndiye mwenye haki ya kulalamika, na ndiye mwenye ushahidi.

Mabinti huniuliza kuhusu hijabu. Vaa hijabu yako, iwe safi, imetulia, isiyokuhitaji kuishikashika kila dakika. Ukinyooshewa mkono na mwanamume, weka mkono wako kifuani, tabasamu, na tanguliza salamu kwa sauti inayosikika. Kwa kawaida mtu huelewa, na jambo hupita. Ukiulizwa kama umeolewa au unatarajia kuzaa lini, usikasirike, wala usitoe hotuba. Rudisha mazungumzo kwenye kazi: "Nimeyasoma majukumu ya nafasi hii, na ninaweza kuyatekeleza kwa ukamilifu." Lakini ujue pia haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, jinsia, ujauzito, ndoa na mengineyo, na kwa kifungu hicho mwombaji wa kazi naye amehesabiwa kuwa mwajiriwa. Kujua hivyo tu kunanyoosha mgongo.

Katika kampuni binafsi litakuja na suala la mshahara, na huko vijana wetu wengi hujibu "chochote mtakachonipa". Musa huyu huyu tuliyemtaja alipofika Madyan, binti wa mzee alimshauri baba yake amwajiri kwa kuwa alimwona ana nguvu na ni mwaminifu. Walipokubaliana, masharti yalitajwa waziwazi: miaka minane, na akitimiza kumi hiyo ni hiari yake. Hakuna aliyeona aibu kutaja hesabu. Ulizia kazi kama hiyo hulipwa kiasi gani mjini kwenu, na ujibu kwa kiwango unachoweza kukitetea.

Yapo mambo matatu ambayo sikutaka kuyataja, lakini yapo katika mitaa yetu. La kwanza ni kwa mganga. Mama anamchukua mwanawe ambaye ana shahada, anampeleka akapewe hirizi ya kumfumba mdomo msaili. Hiyo ni shirki, na inamfundisha mtoto kwamba elimu yake haina thamani. La pili ni bahasha. Mtoaji na mpokeaji wa rushwa wote wamelaaniwa katika hadithi ya Mtume wetu, na kazi iliyonunuliwa hulipwa kila mwezi kwa mshahara wenye doa. La tatu ni cheti kisicho chako. Mnamo Aprili 2017 serikali ilipotangaza matokeo ya uhakiki, watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi, wamejenga, wanasomesha. Nilimjua mmoja wao. Sitamsema zaidi, ana watoto.

Yote yakiwa tayari, ndipo yaje yale niliyoombwa tangu mwanzo. Swali rakaa mbili za istikhara na uombe dua yake. Usikae kungoja ndoto, kwani ndoto si sharti. Ile dua ya Musa ya kukunjuliwa kifua ihifadhiwe na kila mwenye kwenda kusema mbele ya watu. Fika katika mji wa usaili siku moja kabla, ujue jengo lilipo, ule kitu chepesi. Kama orodha ni ndefu na adhuhuri ikakukuta, mwombe kwa adabu anayepanga foleni, na ujue mapema zamu yako ni ya ngapi. Ndani ya chumba, ukiulizwa swali, una ruhusa ya kunyamaza kwa pumzi mbili. Wengi huogopa ukimya huo, wakaanza kusema kabla hawajajua wanasema nini. Usichokijua sema hukijui, na useme ungekitafuta wapi.

Mpwa wangu aliporudi safari ya pili hakuinamisha kichwa. Alikaa mkekani, akaomba maji, kisha akasimulia mpaka muadhini akatukata. Alieleza habari ya kamati ya futari. Msaili mmoja akamuuliza, kwa sauti ya kumjaribu, hayo mambo ya dini yanahusiana vipi na ununuzi wa umma. Akamjibu: "Mheshimiwa, bei ya viazi haina dini. Muuzaji alikuwa anataka faida na mimi nilikuwa na fedha za watu." Wakacheka, hata yule aliyeuliza. Kisha mwenyekiti wa jopo akauliza kama kuna siku hesabu zao hazikulingana. Anasema moyo ulimwenda mbio, kwa kuwa ilikuwapo. Jioni moja zilipungua shilingi 18,500. Akawaambia. Akawaambia pia kwamba aliandika upungufu huo daftarini usiku ule ule, akamjulisha mwenyekiti wa kamati kabla ya alfajiri, wakagundua kuwa ni nauli za bodaboda zilizotolewa bila karatasi, na tangu siku hiyo haikutoka fedha bila saini mbili.

"Mjomba," akaniambia, "hapo wote walikuwa wanaandika."

Alifaulu, ila nafasi zilikuwa chache kuliko waliofaulu, na jina lake limehifadhiwa kwenye kanzidata kungoja nafasi itakapopatikana. Kwa sasa anamwekea mama yake hesabu za vitumbua, na vyeti vyake vimo katika bahasha juu ya kabati, karibu na mlango.